Kitalu cha Pate, miiba ya Garissa

Neno kitalu lina maana mbili ambazo mtu hawezi kuzidhania kuwa ndugu. Ya kwanza ni ukuta wa mawe unaozungushiwa uwanja au bustani. Ya pili ni mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuihamishia shambani. Anayetaka kuziona zote mbili zikikaa nyumba moja aende Pate, kisiwa cha kaunti ya Lamu, jirani wa kusini wa Garissa. Huko wakulima hupanda tumbaku ndani ya majumba yaliyokufa. Paa hakuna, milango hakuna, wenyewe walikwisha ondoka. Zimebaki kuta, na kuta hizo ndizo ua wa shamba.

Ukisogea karibu, ukuta mmoja wa Pate unatosha kwa somo la asubuhi nzima. Mawe yake ni matumbawe. Kilichoyashikanisha ni chokaa, nayo ni matumbawe yale yale yaliyopangwa juu ya kuni na kuchomwa mpaka yakawa unga mweupe. Juu, karibu na ilipokuwa dari, kuna safu ya matundu: ndimo zilimoingia boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana, na ndiyo sababu vyumba vya majumba ya pwani ni virefu na vyembamba, hata vya matajiri. Chini ya matundu hayo pana vidaka, vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa safu, ambamo mama wa nyumba aliweka sahani za kaure na vitu vyake vya fahari. Leo ndani ya kidaka mna mchanga na majani makavu. Hatua mbili kutoka hapo, tumbaku imechanua majani mapana ya kijani, imejikinga upepo wa bahari kwa mgongo wa jumba la mtu ambaye jina lake halikumbukwi.

Pate haikuwa kijiji. Ilikuwa dola ya Wanabahani, yenye masultani, mafundi wa hariri na fedha, na mashairi yanayofundishwa hadi leo. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858, alikuwa wa huko. Kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi akiwa ameyatazama magofu haya haya, akayafanya kuwa onyo kwa moyo wake mwenyewe. Baada ya Pate na Mazrui wa Mombasa kushindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, nguvu zilipungua, na katikati ya karne ile masultani walihamia bara, mpaka Witu. Mji ukabaki na kuta zake.

Hapa ndipo hoja inapoanzia. Kuta za Pate hazikuhifadhiwa na walinzi wenye sare. Kwa sehemu kubwa zimehifadhiwa na wakulima, watu walioona kwamba ukuta wa kale bado una kazi. Unazuia mbuzi. Unavunja upepo. Unamwonyesha jirani mpaka ulipo bila ugomvi. Mkulima mwenye ukuta kama huo hana haja ya kuubomoa, na asubuhi akikuta jiwe limeanguka juu ya miche yake, atalirudisha juu ya mengine kwa faida yake mwenyewe.

Wataalamu wa mambo ya kale wana malalamiko yao, na ni ya haki. Jembe huvuruga ardhi ambayo tabaka zake ndiyo kumbukumbu yenyewe: kigae cha kaure kikipandishwa juu kutoka mahali pake, hakisemi tena kilikuwa cha enzi gani. Mawe mengine huchukuliwa yakajenga jiko au msingi wa nyumba mpya. Hayo yote ni kweli. Lakini gofu lisiloguswa na mtu halibaki salama. Huvamiwa na mtini, mti unaootesha mizizi ndani ya nyufa na kuinua ukuta kutoka ndani, polepole, mpaka siku moja baada ya mvua unalala chini. Kati ya jembe na mtini, jembe lina masikio. Mkulima anaweza kuzungumzishwa, akaonyeshwa mahali pa kuchimba na mahali pa kuacha, akalipwa kitu kwa ulinzi wake.

Unguja kuna kisa cha upande wa pili. Sultani Barghash bin Said alizuru Uingereza mwaka 1875, akaona mabustani makubwa ya mabwana wa kule yaliyozungukwa na kuta ndefu. Miaka michache baadaye alijenga kasri la Marhubi, kilomita chache kaskazini mwa Mji Mkongwe, na husimuliwa kwamba ukuta wa bustani yake ulitokana na zile alizoziona ughaibuni. Kasri lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mwaka 1899 liliungua. Marumaru ya hamamu ikaibwa, na kilichobaki ni nguzo za mawe zilizokuwa zikibeba baraza, mabirika ya maji, miembe, na ukuta. Mgeni hupiga picha za nguzo. Ukuta haumshughulishi mtu.

Ni kosa lililozoeleka: nyumba ndiyo hutajwa, ukuta huonekana kuwa mawe tu. Kumbe mara nyingi ukuta ndio wenye habari nyingi zaidi. Nyumba inaeleza jinsi bwana alivyolala. Ukuta unaeleza nani alizuiwa asiingie, maji yalipita wapi, nini kililimwa, na mali ya mtu iliishia wapi. Huko Uingereza kwenyewe, bustani za majumba ya kifahari zilizungushiwa kuta ndefu za matofali ili zinywe joto la jua mchana na kulitoa usiku, matunda ya nchi za joto yapate kuiva kwenye baridi. Ukuta ulikuwa chombo cha kilimo. Mkulima wa Pate, bila kusoma kitabu chochote cha Waingereza, ameutumia wake vivyo hivyo, ila kwa sababu iliyo kinyume: yeye joto analo, anachotafuta ni kivuli na utulivu wa upepo.

Sasa tuje Garissa.

Mjini Garissa neno ukuta, miaka hii, huleta kwanza picha ya usalama. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, kuta za saruji na nyaya za miiba ziliongezeka. Mwaka huo huo serikali ilianza kujenga kizuizi kwenye mpaka na Somalia upande wa Mandera. Watoto wa mji huu wanakua wakijua kwamba ukuta ni kitu cha kuogopwa au cha kuogopea.

Nje ya mji hali ni nyingine. Ua wa Msomali mfugaji ni wa miiba, na kwao huitwa ood. Hukatwa matawi ya migunga, yakavutwa kwa kamba, yakapangwa duara huku shina likitazama ndani na miiba ikitazama nje. Ng'ombe, mbuzi na ngamia wanalala ndani. Fisi analala njaa. Kazi ya siku moja au mbili, na familia ikihama, ua huachwa ukaliwa na mchwa. Msimu wa mvua ukipita mara mbili hakuna atakayejua kwamba pale palikuwa na watu, isipokuwa kwa duara la samadi ambapo nyasi huota nzito kuliko kwingine. Kandokando ya mto Tana, wakulima wa maembe, ndizi na tikiti maji nao huzungushia mashamba yao miiba, siku hizi mingi ikiwa ya mathenge, ule mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa kisha ukaliteka bonde. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalizoa mashamba na nyua zake kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo husikika kauli, hata katika ofisi zinazopaswa kujua zaidi, kwamba Kaskazini Mashariki haina majengo ya kale ya kuhifadhi. Pwani ina Gede na Fort Jesus, magharibi ina Thimlich Ohinga, huku kuna mchanga na ngamia. Kauli hii imewanyima watu wa Garissa, Wajir na Mandera nafasi katika historia ya nchi yao, na inafaa ikomeshwe. Kuta za mawe za Kaskazini Mashariki zipo. Ni kwamba hazikupanda juu. Zilishuka chini.

Wajir imejaa visima vilivyochongwa ndani ya mwamba wa chokaa, vya kale kiasi kwamba wenyeji huvihusisha na Madanle, watu wanaosimuliwa kuwa walikuwa warefu kupita kiasi na walioishi nchi hiyo kabla ya makabila ya sasa. Masimulizi ya aina hiyo yanahusu pia El Wak, mji ambao jina lake lina maana ya kisima cha Mungu, pamoja na makaburi ya marundo ya mawe yaliyotapakaa nyikani. Kila kisima ni ukuta wa duara uliogeuzwa. Aliyekichonga alifanya kazi akiwa gizani, juu yake kukiwa na duara dogo la mwanga, akipandisha vifusi kwa kamba, na hakuna aliyeacha jina. Kazi hiyo haina upungufu wa heshima mbele ya jumba lolote la Pate.

Na visima ndivyo vilivyoandika historia ya siasa ya eneo hili. Waingereza waliweka kituo chao Wajir mwaka 1912 kwa sababu anayeshika maji anawashika wafugaji wote wanaoyategemea. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa. Sheria ya wilaya maalumu ya 1934 ikawapa maofisa mamlaka ya kuamua nani aingie, nani atoke, na nani achunge wapi. Katika mji huo usio na ziwa wala bahari, maofisa walijifungulia klabu wakaiita Royal Wajir Yacht Club, klabu ya mashua. Wao waliona ni mzaha wa kupunguza upweke. Kwa mtu aliyehitaji kibali ili kumpeleka mgonjwa wilaya ya pili, jina hilo lilikuwa na ladha nyingine.

Je, kuta zilizoachwa na wakoloni hao zihifadhiwe? Wapo wanaosema zibomolewe, na uchungu wao unaeleweka. Baada ya ukoloni vilikuja vita vya miaka ya 1963 hadi 1967, kisha miaka mingi ya hali ya hatari, kisha Februari 1984, wanaume walipokusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir na wengi wakauawa na vyombo vya dola. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika jambo hilo katika ripoti yake ya 2013. Lakini kubomoa ukuta wa mtesi ni kumsaidia afiche ushahidi. Kapenguria, seli walimofungwa Mzee Kenyatta na wenzake hazikubomolewa. Zimekuwa makumbusho, na watoto wa shule huingia humo wakatoka wakiwa wameelewa kitu ambacho kitabu hakikuweza kuwaeleza. Wajir nayo ina tawi la Makumbusho ya Taifa. Hilo ni tawi la kukuzwa, kwa sababu eneo lenye kaunti tatu kubwa namna hii haliwezi kubebwa na jengo moja.

Sheria haikosekani. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu majengo na maeneo ya kale kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali na kulindwa, na inamwadhibu anayeyaharibu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaacha minara ya kumbukumbu yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, lakini makumbusho na shughuli za utamaduni imezikabidhi kaunti. Maana yake ni kwamba magavana wa Garissa, Wajir na Mandera hawahitaji kusubiri mtu wa Nairobi ashuke kwenye ndege na daftari. Wana mabunge, wana bajeti, wana vijana waliosoma wanaotafuta kazi.

Wakati nao unabana. Barabara kuu ya kutoka Isiolo kupitia Wajir na El Wak hadi Mandera inajengwa, na ile ya kutoka Garissa kupita Ijara hadi Lamu pia. Ni barabara zilizongojewa na vizazi, na hakuna mwenye akili timamu atakayezipinga. Ila barabara hula mawe na kokoto, na rundo la mawe lenye kaburi chini yake, kwa dereva wa tingatinga, ni rundo la mawe. Tathmini ya athari kwa mazingira inatakiwa kisheria tangu 1999. Tathmini hiyo lazima imtaje mzee anayejua rundo lipi ni la nani, naye alipwe siku zake kama anavyolipwa mpima ardhi.

Mifano ya kuigwa iko humu humu nchini. Gede, mji wenye jina linalotoka katika lugha ya Waoromo, jamaa za Waorma wanaochunga leo kandokando ya Tana, ulianza kulindwa kisheria mwaka 1927. James Kirkman akauchimba kuanzia 1948, na mwaka 2024 ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini jambo la busara kuliko yote pale si ukuta wa nje wala ukuta wa ndani wa mji. Ni mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993 pembeni ya magofu, ambamo wanavijiji wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza mabuu ya vipepeo nchi za nje. Watu walioona msitu kuwa shamba walilonyimwa wakaupatia sababu ya kusimama. Kule Migori, Thimlich Ohinga ni kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, baadhi zikifikia zaidi ya mita 4 kwenda juu, zikiwa na mazizi ya ng'ombe ndani. Zilisimama karne kadhaa kwa sababu kila jamii iliyohamia iliziba pale palipobomoka ili mifugo yake ilale salama. UNESCO ilifika mwaka 2018. Wafugaji walikuwa wamekwisha fanya kazi yake.

Mfugaji wa Garissa akisimuliwa habari ya Ohinga ataielewa upesi kuliko profesa, kwa maana zizi analijua. Ndiyo sababu si busara kuja na mpango wa kuzungushia kila kisima cha kale nyaya, kuweka kibao chenye nembo, na kuwafukuza ngamia. Kisima kisichotekwa maji hujaa mchanga. Baada ya miaka michache mlinzi atakuwa analinda shimo, na vijana watakuwa wamesahau zamu za kunywesha, ambazo nazo ni urithi: nani anatangulia, mgeni anapewa nafasi gani, ngamia wa mjane wanahesabiwa vipi.

Kinachohitajika kwanza ni cha kawaida na hakina gharama kubwa. Kila kisima, kila kaburi la mawe, kila jengo la zamani lipigwe picha, liwekwe kwenye ramani, na jina lake liandikwe jinsi wenyeji wanavyolitamka, pamoja na jina la ukoo unaolitunza. Wazee wasikilizwe wakirekodiwa, kwa Kisomali, kwa Kiborana, kwa Kiorma, kabla hawajaenda na habari zao. Kisha usafi. Mji wa Wajir umetumia vyoo vya ndoo kwa miaka mingi kwa sababu maji ya chini yako karibu mno na uso wa ardhi, na uchafu umekuwa ukipenya hadi visimani, ukileta maradhi ya kuhara. Mtu akizungumza urithi bila kuzungumza vyoo, mama anayechota pale ana haki ya kumwona kuwa hana la maana. Bomba la majitaka likijengwa Wajir litakuwa limehifadhi mambo ya kale kuliko kibao chochote.

Na Pate nayo isisahauliwe, kwani barabara ya Ijara ikikamilika watu wa Garissa watakuwa majirani zake zaidi ya walivyokuwa tangu siku za biashara ya ng'ombe na pembe. Wakulima wa tumbaku waandikiwe mkataba na Makumbusho: walime kwa kina kinachokubaliwa, wasitoe jiwe, waripoti ufa, na walipwe posho ya ulinzi. Fundi wa chokaa, ambaye ujuzi wake unazidi kuwa adimu kila saruji inaposhuka kutoka kwenye jahazi, apewe wanafunzi wawili au watatu, mmoja wao akiwa kijana wa Garissa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Na ukuta wa matumbawe ukizibwa kwa saruji huoza kwa ndani, kwa sababu saruji hairuhusu unyevu utoke. Lazima awepo anayejua kuziba.

Jioni kisimani wachotaji husimama kwa mpangilio, ndoo ikapanda kutoka mkono hadi mkono, na wimbo ukaenda na ndoo, kwa sababu, wafugaji husema, ngamia huijua sauti ya bwana wake na hunywa zaidi akiimbiwa. Kwenye ukingo wa kisima cha kale jiwe lina mifereji, mingine inaweza kumeza kidole kizima. Haikuchongwa na fundi. Ni kamba zilizopita pale, miaka baada ya miaka, zikiwa na maji.